Koti la Milioni na Mapenzi Yasiyotangazwa

Sisi tuliosoma fasihi sekondari tumezoea mapenzi yanayoishia makaburini. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilitufundisha hivyo, na ilitufundisha vizuri. Tatizo ni sisi chipukizi: tumebeba machozi yake, ufundi wake tumeuacha. Fungua daftari la kijana yeyote anayeandika riwaya: msichana analia, mvulana anaapa, sura ya mwisho jeneza. Hata langu lilikuwa hivyo hivyo. Mvulana wangu alitamka mapenzi kurasa nne nzima. Rafiki niliyempa asome alipiga miayo.

Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya filamu ya Kifaransa, tena ya kale: Le Million ya René Clair, ya mwaka 1931. Niliipata kwenye flashi ya binamu yangu, nikaiangalia hapa kwetu Ihembe pamoja na bibi. Bibi hajui Kifaransa hata neno moja, na maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini hayakumhusu. Lakini alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nikajiuliza: anacheka nini?

Kisa chenyewe ni chepesi. Michel ni mchoraji maskini, wadai wamejaa mlangoni. Mara anasikia tiketi yake ya bahati nasibu imeshinda milioni. Iko wapi? Mfukoni mwa koti kuukuu. Koti liko wapi? Mchumba wake, Béatrice, kampa mzee mwizi aliyekuwa akikimbizwa na polisi. Yule mzee ana duka la mitumba. Koti likauzwa kwa mwimbaji wa opera aliyetaka vazi la kimaskini la kuvaa jukwaani. Basi, mbio zikaanza!

Jambo la kwanza la kujifunza: Clair hatufichi mwisho. Filamu inaanza na sherehe, majirani wanachungulia kutoka juu ya paa, wanasimuliwa yaliyotokea. Tunajua mapema kwamba mambo yatakuwa mema, na bado hatubanduki. Kumbe utamu uko njiani.

La pili ni ukimya. Filamu zenye sauti zilikuwa bado changa wakati ule. The Jazz Singer ya Marekani ilikuwa imetoka 1927 tu. Clair alizionea mashaka, akihofia kwamba maneno yataiua picha. Kwa hiyo sauti akaifanya mchezo. Watu wanaponyang'anyana koti, anatuwekea kelele za mechi ya raga. Kwenye vibanda vya video tumezoea DJ anayetafsiri bila kupumua. Hapa hapakuwa na DJ, na bibi hakupotea.

Lakini penye utamu hasa ni jukwaani. Michel na Béatrice wamenuniana, maana binti alimfumania jamaa amemkumbatia mwanamke mwingine. Sasa wamenaswa nyuma ya mandhari ya opera, hawawezi kutoka. Mbele yao waimbaji wawili wanene, ambao nje ya jukwaa hawapatani kabisa, wanaimbiana mapenzi. Wapenzi wetu hawasemi kitu. Wanasikiliza, wanatazamana, na wimbo wa wale waongo unasema ukweli wao. Bibi akasema, "Hawa wanaoneana haya." Kwa neno hilo moja alizifuta kurasa zangu nne.

Siyo kwamba filamu haina doa. Michel anasamehewa upesi mno, na Béatrice, aliyelitoa koti kwa huruma, anapewa kazi ndogo kuliko anayostahili. Mwandishi wa leo angemwacha na yeye akimbie.

Najua mtasema: mzaha ni wa walioshiba, sisi tuna shida zetu. Hapana. Mbona filamu yote imesimama juu ya deni? Huku Kagera deni tunalijua kwa jina lake: butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado shambani, mara nyingi kwa bei ya kutupa. Tukiandika butura tunaandika kilio. Ni halali, maana inaumiza kweli. Lakini hebu fikiri: kijana anauza kahawa ileile kwa watu wawili, na wa pili, bila yeye kujua, ni baba wa msichana anayetaka kumposa. Shida haijapungua hata chembe. Ila sasa msomaji atacheka kwanza, halafu ndipo itamchoma.

Hicho ndicho kisa ninachokiandika sasa. Zile kurasa nne nimezichana. Mvulana hatamki kitu. Anasaidia kuanika kahawa uani kwa baba mkwe, akijua nusu yake alishaila. Msichana anajua pia, na ananyamaza. Sijui kama nitaweza. Kumchekesha msomaji bila kumdanganya ni kazi nzito kuliko kumliza. Chipukizi wenzangu, tujaribu. Na mkimaliza sura, msimpe rafiki tu. Msomeeni na bibi.