Paa Lipi, au Paa Yupi?

Neno "paa" lina maana nyingi. Fundi wa kuezeka hulisikia akafikiria kenchi na mabati, mwindaji humwona mnyama wa porini, na mpishi hukumbuka magamba ya samaki. Mtu akiliandika peke yake katika mtambo wa kutafuta, mtambo utajuaje anachokitaka? Njia iliyochaguliwa ni kumchunguza mwulizaji.

Mwaka 2005 Google ilianza kuwapangia majibu watu waliojiandikisha kwake kwa kufuata mambo waliyokwisha kuyatafuta. Desemba 2009 ikaueneza utaratibu huo hata kwa wasiojiandikisha, kwa kumbukumbu za siku 180. Mwaka 2011 Mmarekani Eli Pariser akatoa kitabu, The Filter Bubble, akionya kwamba kwa njia hiyo msomaji hufungiwa ndani ya yale anayoyapenda tu.

Onyo hilo ni la haki, ila naona kasoro imeanzia mbali zaidi: mazoea ya mtu yamedhaniwa kuwa ndiyo haja yake. Tuseme fundi ametafuta bei za mabati mwezi mzima, na leo mwanawe ameagizwa shuleni aandike habari za paa mnyama. Kumbukumbu zile zitamsaidia nini, isipokuwa kumrudisha kwenye mabati? Mtu hutafuta hasa lile ambalo jana hakulijua.

Sikatai kwamba yako mambo yanayofaa kujulikana. Anayetafuta duka la dawa usiku hana haja na lililoko Chicago. Lakini kujua nilipo si sawa na kujifanya unajua niwazalo.

Mkutubi mzuri hapekui kwanza daftari la vitabu ulivyoazima. Hukuuliza: "Paa lipi, au paa yupi?" Kwa swali hilo amekuhudumia wewe hasa, na siri zako umebaki nazo. Nasi tunaweza kuusaidia mtambo vivyo hivyo. Tukiandika "paa la nyumba" au "paa wa porini", tena ndani ya alama za kunukuu ili maneno yasitenganishwe, sarufi yetu imekwisha kupambanua.

Hata mitambo ya leo inayojibu kwa mazungumzo naipima kwa kigezo hicho hicho: je, huuliza kabla ya kudhani?