Kiu, Dawa na Mnara: Kusoma Ushuhuda wa Huxley na wa Ghazali

Kabla sijafundishwa darasani kwamba tawasifu ni utanzu, nilikuwa nimekwisha kusikia tawasifu fupi mamia kwa mamia. Kila Jumapili kanisani kwetu mtu husimama, husema "Bwana asifiwe," kisha husimulia: nilikuwa hivi, nikafunga siku kadhaa, nikaona, sasa niko hivi. Umbo halibadiliki. Kinachobadilika ni ugonjwa, deni au mchumba. Katika makala haya nasoma vitabu viwili vya watu walioandika yaliyowapata walipotafuta kuona zaidi ya macho: The Doors of Perception cha Aldous Huxley, kilichotoka mwaka 1954, na al-Munqidh min al-Dalal cha Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Sababu ya kuvisoma pamoja ni yangu binafsi, na afadhali niitaje mapema.

Nikiwa mwaka wa kwanza nilipanda na wenzangu kilima kimoja cha maombi juu ya Bujumbura, tukafunga kavu siku tatu, bila chakula wala maji. Alfajiri ya siku ya tatu niliona mikaratusi ikiwaka mwanga, kila jani peke yake, nikalia. Jumapili nikashuhudia. Sikusema uongo, ila nilipoketi niligundua kwamba sentensi zote nilizotumia nilikuwa nimezisikia kwa wengine. Mwanga ulikuwa wangu, maneno hayakuwa yangu. Kiu, maumivu ya kichwa, na dada mmoja aliyezirai tukambeba hadi barabarani, hayo sikuyataja kabisa.

Huxley hakufunga. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei 1953, huko California, alikunywa sehemu nne kwa kumi za gramu ya meskalini iliyoyeyushwa katika maji nusu glasi. Dawa hiyo ndiyo iliyomo ndani ya peyote, mpungate mdogo wa Meksiko na kusini mwa Marekani ambao baadhi ya wenyeji wa asili huula katika ibada. Kando yake alikuwapo daktari wa maradhi ya akili, Humphry Osmond, na mashine ya kunasa mazungumzo. Anachokiona ni chombo chenye maua matatu, miguu ya kiti, mikunjo ya suruali yake mwenyewe. Hapo ndipo ulipo ubora wa kitabu. Hamwoni malaika, hasikii sauti. Anaiona suruali, na anatufanya tuamini kwamba suruali inatosha. (Tukumbuke kwamba mtu huyu alikaribia kupofuka kwa ugonjwa akiwa na umri wa miaka kumi na sita. Furaha yake mbele ya rangi si ya kila mtu.) Anakiri pia jambo ambalo wafuasi wake wengi walilisahau: chini ya dawa alikwepa macho ya watu waliokuwa naye chumbani, na hakuona sababu ya kufanya lolote. Ni mwandishi huyuhuyu ambaye mwaka 1932, katika Brave New World, aliwachora watawala wanaowagawia raia dawa ya furaha ili wasiulize maswali.

Kilichonikosesha usingizi si kitabu hicho bali kilichokifuata mwaka 1956, Heaven and Hell. Kwa Huxley ubongo ni kama koki inayoruhusu ulimwengu utudondokee tone kwa tone, kiasi cha kutuwezesha kuishi. Meskalini huilegeza koki. Kufunga nako, asema, huilegeza, kwa kupunguza sukari na vitamini mwilini. Basi mikaratusi yangu ilikuwa upungufu wa sukari?

Nimelikataa jibu hilo, lakini si kwa sababu ni la uongo. Mwili wangu ulikuwa umekauka kweli. Kasoro ya Huxley ni kwamba anaiangalia njaa kutoka upande wa matokeo tu, kana kwamba ni dawa nyingine itendayo kazi polepole. Machozi ya kitunguu na machozi ya msiba hutoka katika tezi ileile, na hakuna anayempa pole mkata vitunguu. R. C. Zaehner, profesa wa dini wa Oxford, alimpinga kwa njia nyepesi mno: aliimeza meskalini yeye mwenyewe, akaishia kucheka, na mwaka 1957 akachapa kitabu cha kukanusha kwamba hayo ni mang'amuzi ya Mungu. Kicheko cha mtu mmoja hakithibitishi zaidi ya suruali ya mwingine.

Ghazali anaanzia mahali pengine kabisa. Alikuwa mwalimu mashuhuri wa Nizamiyya ya Baghdad, mwenye wanafunzi mia tatu. Mwaka 1095 akajichunguza nia, akaona kwamba anafundisha kwa ajili ya cheo na sifa. Kwa miezi sita akawa wa leo na kesho, mpaka ulimi ukafungika na chakula kikakataa kushuka. Njaa yake ya kwanza, basi, haikuwa saumu aliyoichagua; ilikuwa ugonjwa, na matabibu walikata tamaa. Ndipo akagawa mali, akabakiza ya kuwatosha watoto, akaaga kwamba anakwenda Makka huku moyoni akikusudia Shamu. Kwamba aliwadanganya watu ili aifuate kweli, anaeleza bila kujitetea sana. Huko Dameski alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mlango mchana kutwa.

Hoja yake kuu ni ya kuonja. Kujua maana ya shibe si kushiba, na mlevi hajui fasili ya ulevi ingawa amelewa. Mfano huo unamgusa Huxley moja kwa moja, kwani yeye alitaka kuwa mlevi na mtoa fasili kwa wakati mmoja, mashine ikinasa.

Hata hivyo nina lalamiko. Miaka kumi ya upweke, Ghazali anaipitisha katika kurasa chache, na afikapo penye kilele anakataa kusema alichokiona, anaazima ubeti wa mshairi mwingine na kuendelea. Mhakiki afanye nini na ukimya? Kuhusu watoto tunaambiwa tu kwamba wito wao ndio uliomrudisha nyumbani. Mwaka 1106 akarudi kufundisha, safari hii Nishapur, akisisitiza kwamba kazi ni ileile ila nia si ile. Hatuna pa kulihakiki hilo. Lakini yeye, tofauti na Huxley na tofauti nami, alianza kusimulia kwa ulimi uliofungika na tonge lisilomezeka.

Mwaka huu mzee wa kanisa aliniomba nirudie ushuhuda wangu mbele ya vijana wanaojiandaa kupanda kilima. Nilianza na kiu, kisha dada aliyezirai, na uzito wake tulipombeba. Nilipofika kwenye mikaratusi, muda niliopewa ulikuwa umekwisha.