Kazi mpya, nafuu iliyopotea: PAYE ya mwaka uliokatika

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini agizo la kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Huku Homa Bay na Migori, ambako sehemu kubwa ya huduma za Ukimwi iliendeshwa kwa pesa hizo, wauguzi na washauri wa afya wakajikuta hawana kazi. Baadhi yao walipata mwajiri mwingine kabla ya mwaka kwisha. Katika safu hii nafuatilia kodi yao, kwa sababu mwaka wa namna hiyo huacha pesa nyingi mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) bila mwenyewe kujua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi wa Magunga, Suba Kusini, alilipwa na mradi kuanzia Januari hadi Machi. Akakaa miezi 4 bila mshahara, kisha akaanza kazi mpya Agosti. Baada ya kutoa NSSF, SHIF na tozo ya nyumba, mshahara wake unaotozwa kodi ulikuwa 60,000 kwa mwezi kule kwa kwanza, na 70,000 huku kwa pili.

Kenya haina msimbo wa kodi kama Uingereza, ambako mfanyakazi wa kawaida hupewa 1257L, ishara kwamba pauni 12,570 za mwaka hazitozwi. Kwetu kazi hiyo inafanywa na kisanduku kimoja katika P10, ritani ya PAYE ambayo mwajiri huipeleka KRA kila mwezi kabla ya tarehe 9 kupita. Mbele ya PIN ya kila mtu mwajiri huchagua: hii ni kazi yake kuu, au ni kazi yake ya pili? Akichagua kazi ya pili, nafuu binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi haitolewi, kwa kuwa inadhaniwa mwajiri mwingine ameshaitoa. Karani wa mishahara akisikia kwamba mgeni wake alikuwa na kazi kwingine mwaka huohuo, ni rahisi kuteleza na kuchagua hivyo. Muuguzi wetu alikatwa kama mtu wa kazi mbili kuanzia Agosti hadi Desemba, ilhali kazi aliyokuwa nayo ni moja tu.

Kosa hilo huonekana kwenye pesilipu, ukijua pa kutazama. Ngazi za kodi za mwezi ni 10% kwa shilingi 24,000 za kwanza, 25% kwa 8,333 zinazofuata, kisha 30% hadi kufikia 500,000. Kwa hiyo yeyote aliye kwenye ngazi ya 30% anaweza kufupisha hesabu: zidisha mshahara unaotozwa kodi kwa 30%, halafu toa 7,616.65. Kiasi hicho ndicho faida ya ngazi mbili za chini pamoja na nafuu ya 2,400. Kwa 70,000, PAYE inatakiwa kuwa 13,383. Pesilipu ya Agosti ilisema 15,783, yaani nafuu yote haikuwepo.

Sehemu hii ya kosa dawa yake iko kwa mwajiri. Ofisi ya mishahara hubadilisha kisanduku katika P10 ya mwezi unaofuata, na miezi iliyopita huisahihisha kwa kuwasilisha P10 iliyorekebishwa. Ningeanzia hapo kabla ya kwenda popote, kwa sababu ni mwendo mfupi kuliko kusubiri KRA irudishe pesa.

Lakini 12,000 za miezi hiyo 5 ndizo kipande kidogo. Kikubwa hakina kosa la mtu yeyote. PAYE yetu inahesabu kila mwezi peke yake, wakati sheria inatoza kodi kwa mwaka mzima. Ile 7,616.65 ni haki ya kila mwezi kwa miezi yote 12, hata kama ulilipwa mshahara miezi 8 tu. Mwajiri mpya hawezi kukurudishia ya Aprili hadi Julai kupitia mshahara wa Agosti. Uingereza hesabu kwa kawaida hujumlishwa tangu mwanzo wa mwaka wao wa kodi, hivyo msimbo ukisharekebishwa, mshahara unaofuata huja na pesa zilizozidi. Hapa mlango ni ritani ya mwaka.

Mapato ya mwaka ya muuguzi ni 180,000 kutoka mradini na 350,000 kutoka kazi mpya, jumla 530,000. Kwa ngazi za mwaka, baada ya nafuu ya 28,800, kodi yake ni 67,600. Alichokatwa, pamoja na lile kosa la kisanduku, ni takriban 110,067. Anadai shilingi 42,467, na katika hizo zaidi ya 30,000 zimetokana na miezi aliyokaa nyumbani.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza. Mwenye saiba anamuuliza mteja, una kazi? Akijibu kwamba alifutwa, anawasilishiwa ritani ya sufuri, analipa ada yake na kuondoka, na dai lote limezikwa. Ritani ya mtu kama muuguzi wetu inatakiwa kuonyesha waajiri wote wawili, kila mmoja na PIN yake, mshahara na PAYE iliyokatwa, kama zilivyo kwenye kadi za P9, yaani muhtasari wa mwaka kutoka kwa kila mwajiri. Ofisi ya mradi ikiwa imefungwa na P9 haipatikani, rekodi haijapotea: P10 zilizowasilishwa bado zimo kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, na mara nyingi ritani hujijaza zenyewe kutoka huko. Mwajiri asipotokea kabisa, shuku PIN iliyoandikwa vibaya au P10 ambayo haikupelekwa. Kujaza mstari huo kwa mkono kunawezekana, lakini KRA itataka kuuona upande wa mwajiri pia kabla ya kukubali dai. Aliyekwama anaweza kuuliza dawati la KRA katika Huduma Centre ya Homa Bay. Muda wa kudai kodi iliyolipwa zaidi ni miaka 5, na ritani ya sufuri iliyokosewa huweza kurekebishwa.

Kuna upande wa pili, ambao haupendwi. Aliyelipwa mshahara kamili na waajiri wawili katika mwezi mmoja, mmoja akimaliza na mwingine akianza, na wote wakampa nafuu na ngazi za chini, amepata 7,616.65 mara mbili. Kama alifanya kazi miezi yote 12, hiyo moja ni deni. Ritani mwisho wake ni 30 Juni, ila deni lenyewe hutakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili. Akingoja Juni ndipo alipe, ataongezewa adhabu ya 5%, ambayo ni kama shilingi 381, na riba ya 1% kwa kila mwezi.