Mhusika Mgeni Katika Masimulizi ya Pamoja

Popote lugha itumikapo kumuumba mtu asiyekuwapo, hapo mhakiki ana kazi. Kwa hiyo inatupasa sisi walimu kuutazama utanzu ambao baadhi ya wanafunzi wetu wanaufahamu kuliko sisi: michezo ya uhusika iandikwayo na watu wengi kwa pamoja katika mtandao wa kompyuta, ambayo mandhari yake ni Ulaya ya Enzi za Kati iliyochanganywa na majoka, wachawi na mazimwi.

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa kwa mdomo, karatasi na dadu. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kutunga programu iliyoitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha. Pango, njia na adui vilielezwa kwa maneno tu. Katika jumuiya za leo zilizofuata mkondo huo wa maandishi, kila mwanachama huandika kwa zamu maneno na matendo ya mhusika wake.

Mgeni hutakiwa kwanza amweleze mhusika wake: jina, asili, kazi, umbo na ujuzi. Hapa ndipo fani inapoanza kulegea. Wageni wengi huleta mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti, yatima, bingwa wa upanga, asiyejua hofu. Huyo ni mhusika bapa: hana ahitajicho kwa mtu, wala msomaji hana la kumhofia. Katika mchezo wa 1974 dadu tatu ziliamua kila sifa kati ya 3 na 18, hivyo bahati yenyewe ilimpa shujaa kasoro. Pasipo dadu, mtunzi hana budi kujinyima mwenyewe. Wahenga wetu walilijua hilo: Fumo Liyongo hakushindwa kwa silaha yoyote, ila sindano ya shaba kitovuni. Bila kitovu hicho, kisa chake kingekuwa majigambo tu.

Jambo la pili ni adabu ya utunzi. Mgeni akiandika, "Nikamkata kichwa," amempoka mwenzake kalamu. Na aandike, "Niliinua upanga kuielekea shingo yake," kisha anyamaze. Kama adui atakwepa au atajeruhiwa, mwenye mhusika ndiye atakayesema. Malenga wa kujibizana hufanya vivyo hivyo: hutega fumbo, akamwachia mwenziwe kulifumbua. Ukimya huo wa kumpisha mwingine ndio ustadi mkubwa wa utanzu huu, na ndio mgumu zaidi kujifunza.

Kimaudhui tuna lawama. Ulimwengu huu umejengwa juu ya ukabaila, lakini mara nyingi wakulima walioilisha ngome hawaonekani. Husifiwa taji na panga, jasho likasahauliwa. Mgeni aanzaye kama mhunzi, mwoka mikate au mpagazi huipa hadithi faida kubwa zaidi. Watu watamjia kwa haja zao, naye atawaendea kwa zake. Hapo ndipo visa huzaliwa. Mwana wa mfalme asiyehitaji mtu hubaki peke yake jukwaani.

Tuonavyo, mwalimu aweza kuiazima sanaa hii bila kompyuta. Wanafunzi wawili wapewe daftari moja, kila mmoja aandike aya ya mhusika wake, na asiruhusiwe kumwamulia wa mwenzake. Insha zetu zimejaa mashujaa washindao katika aya ya mwisho kwa sababu mtunzi ni mmoja na hana wa kumpinga. Daftari la wawili litamfundisha mwanafunzi kwamba mhusika wa pili naye ana nia, sauti na haki ya kujibu.