Wanaofundisha kwa Rangi

Darasa lenye watoto wengi na kalamu za rangi chache halimpi mwalimu nafasi ya mapambo. Walimu wa shule za msingi Iringa na Mbeya wanaofundisha kwa kuchora wanalijua hilo. Kijani hupatikana kwa kusugua majani, nyeusi ni mkaa, njano ni binzari, gundi ni uji mzito wa unga. Karatasi za manila hununuliwa kwa fedha ya mfukoni, na kule Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hujikunja ukutani kabla muhula haujaisha.

Tazama somo la ramani. Mwalimu anachora ubaoni Mto Ruaha Mkuu. Watoto wanaunakili na kuupaka bluu kutoka bonde la Usangu, Mbeya, wanapita nao Iringa hadi Mtera, kisha Kidatu, kwenye mabwawa ya umeme. Aliyeukatisha njiani anaulizwa: sasa umeme utatoka wapi? Anafuta, anaunganisha. Jiografia imeingia. Kwenye hesabu, mstatili unagawanywa mafungu manane, matatu yanapakwa nyekundu, na tatu ya nane inaonekana kwa macho.

Maandalizi ya masomo haya hufanywa usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Wapo wanaodhani watoto wanachezeshwa tu. Lakini mtoto aliyepaka ua sehemu kwa sehemu, stameni njano, petali nyekundu, amelichunguza kuliko sisi tuliokariri majina. Mzazi anayetaka kuwashukuru walimu hawa aanze na manila na pakiti ya kalamu za rangi.