Maziwa ya Kila Asubuhi

Msanii Wolfgang Laib alisomea udaktari Tübingen, Ujerumani. Alipohitimu mwaka 1974 aliiacha kazi hiyo, na mwaka uliofuata akatengeneza jiwe lake la kwanza la maziwa: bamba la marumaru nyeupe, lililosuguliwa juu mpaka likabonyea kidogo sana, likabaki na ukingo mwembamba pande zote. Ndani yake akamimina maziwa.

Hapo ndipo mkono unapopimwa. Maziwa yakipungua, marumaru hujitokeza, yakizidi, humwagika. Yakifika kipimo chake hutuama sawa na ukingo, na jicho haliwezi tena kutenga jiwe na maziwa.

Lakini maziwa hayakai. Jioni hutolewa, jiwe huoshwa, na asubuhi humiminwa mapya, hivyo hivyo mpaka maonyesho yaishe. Laib humimina mara ya kwanza. Baada yake kazi hushikwa na mfanyakazi wa jumba la makumbusho, au na yeyote aliyelinunua jiwe. Hilo ndilo linalonifanya niiheshimu sanaa hii kuliko nyingi za wakati wetu. Tumezoea kuahidiwa kwamba mtazamaji atatoka ukumbini akiwa mtu mwingine, naye amesimama dakika mbili tu. Ibada haimgeuzi mpita njia. Humgeuza anayeirudia: huyo mfanyakazi anayefika kabla ya milango kufunguliwa, anayeinama juu ya jiwe na kumimina polepole kwa sababu haraka italiharibu, na ambaye kesho hatakuta alama yoyote ya kazi yake ya leo. Mwenye jiwe naye hakununua kitu kilichokamilika. Amenunua wajibu, na siku asiyoutimiza ana marumaru tu.

Chavua, ambayo Laib pia huitumia katika sanaa yake, nayo ina subira yake. Kila majira ya kuchipua Laib huikung'uta mauani kwa mkono, karibu na kijiji chake kusini mwa Ujerumani, na msimu mzima humpa mitungi michache tu. Mwaka 2013, katika jumba la makumbusho la MoMA, New York, alichekecha chavua ya mihazeli sakafuni, kiasi cha mita 5.5 kwa 6.4, ya manjano inayokaribia kuwaka. Alikuwa ameikusanya tangu katikati ya miaka ya 1990. Na maonyesho yakiisha huwa haifagiliwi ikatupwa: huzolewa, ikasafishwa, ikarudishwa mitungini kungoja sakafu nyingine.