Ukuta wa Miezi Miwili

Programu ikishauzwa, mtengenezaji hana tena mkono juu yake. Kila amri iliyomo sharti kompyuta iweze kuisoma, na mtu mwenye subira ataisoma pia. Mwaka 2001 Boaz Barak na wenzake walithibitisha kihisabati kwamba hakuna mbinu moja iwezayo kuficha siri za kila programu. Wahenga walishasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Wanaojenga kinga dhidi ya maharamia wa programu wakijua hivyo, mimi nawaenzi.

Mmoja ni Gavin Dodd wa Insomniac Games, Marekani. Kinga ya mchezo wao wa pili wa video wa joka Spyro ilivunjwa na maharamia ndani ya wiki moja na ushei. Kwa mchezo wa tatu, Spyro: Year of the Dragon wa mwaka 2000, Dodd hakuota kinga ya milele. Alitafuta muda, maana miezi ya mwanzo ndiyo mchezo huuzika zaidi.

Kinga ya kawaida hukagua mara moja, mwanzoni. Mdukuzi akiiona huing'oa, kazi imekwisha. Dodd aliutawanya ukaguzi. Kipande kimoja cha programu kilijumlisha tarakimu za kingine na kulinganisha jumla; baiti moja ikiguswa, jumla inakataa. Wakaguzi nao walikuwa na wakaguzi wao, kwa hiyo kumwondoa mmoja kulimshtua mwingine. Na hapa ndipo ninapouona ustadi wenyewe: mchezo uliochakachuliwa haukuzimika. Uliendelea, ukiharibika kidogo kidogo. Mayai ambayo mchezaji alikuwa ameyakusanya yalipotea. Lugha ilibadilika ghafla. Aliyefika pambano la mwisho alirudishwa mwanzo, na hatua alizohifadhi zikafutwa. Mdukuzi anayeona kosa saa nyingi baada ya chanzo chake hana pa kuanzia. Inambidi acheze tena, mchezo mzima, kila anapojaribu.

Mnunuzi halali hakuhisi lolote, na kwangu hilo ndilo sharti la kwanza la kazi hii. Kampuni ya muziki ya Sony BMG ililivunja mwaka 2005, CD zake za muziki zilipopenyeza programu ya kujificha ndani ya kompyuta za wateja waliolipa; ule haukuwa ulinzi hata kidogo.

Ukuta wa Dodd ulisimama zaidi ya miezi miwili kabla ya kuvunjwa. Mwaka uliofuata aliandika makala akaeleza jinsi alivyoujenga, ili wengine wajenge wao.